Je, Kusubiri ni Kazi?

Katika mashauri yetu ya Kikristo sijui kama kuna neno tunalolisikia mara nyingi kuliko neno subira. Mgonjwa aambiwa asubiri, mjane aambiwa asubiri, kijana asiye na ajira aambiwa asubiri. Na wazee wa kanisa wakutanapo juu ya ugomvi wa nyumba fulani, aghalabu kikao huisha kwa kuwaombea wahusika moyo wa subira. Mimi sina ugomvi na neno hilo. Mtume Paulo amelihesabu miongoni mwa matunda ya Roho, na anayelidharau hajaielewa Injili. Lakini yafaa tukiri kwamba tunalitumia neno hilo moja kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, na moja kati ya hayo si fadhila kamwe, bali ni uzembe uliovaa kanzu ya fadhila. Basi naomba tujiulize: mtu anaposubiri, je, anafanya kazi, au ameacha kazi?

Nitalieleza jambo hili kwa njia ya trekta. Najua wapo watakaosema kwamba gazeti la kanisa si mahali pa spana na grisi. Lakini Bwana wetu alifundisha kwa mbegu, kwa nyavu na kwa chachu, nami sioni sababu ya kuona haya mbele ya dizeli.

Katika kijiji kimoja upande wa Magu kuna trekta aina ya Massey Ferguson 135, lenye injini ya dizeli ya silinda tatu. Mwenyewe, ambaye sasa ni marehemu, alilinunua likiwa limekwisha kutumika, na kwa miaka mingi lililima mashamba ya pamba ya kwake na ya majirani. Alipofariki mwaka 2014 lilibaki chini ya mwembe, na hapo likakaa miaka tisa. Wanawe wawili hawakupatana. Mkubwa alitaka liuzwe. Alikuwa amekwisha kumleta mnunuzi wa chuma chakavu kutoka mjini Mwanza, naye akataja bei yake kwa kilo. Mdogo alikataa. Kila alipoulizwa alijibu, “Tusubiri kwanza,” na watu wakamsifu kwa upole wake na kwa heshima aliyokuwa nayo kwa kumbukumbu ya baba.

Basi wakasubiri. Kopo lililokuwa likifunika mdomo wa bomba la moshi liliondolewa na watoto, wakalifanya gari la kuchezea, wala hakuna aliyeweka lingine. Mvua za vuli zikaingia, na za masika zikaingia.

Hapa sina budi kueleza kidogo kwa ajili ya wale wasioijua injini. Juu ya kila silinda kuna valvu mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kutoa moshi. Kila valvu ina shina jembamba linalopanda na kushuka katika tundu lililochongwa kwa kipimo, ambalo mafundi huliita gaidi, na nafasi iliyopo kati ya shina na tundu hilo ni kama unene wa unywele tu. Springi huivuta valvu ijifunge. Roka huisukuma ifunguke. Na roka yenyewe husukumwa na ufito wa chuma uitwao pushirodi. Injini inaposimama, haisimami valvu zote zikiwa zimefungwa. Sikuzote ipo iliyobaki wazi, na hiyo ndiyo mlango wa maji. Maji yakiingia, kutu huota katika ile nafasi ya unywele, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Shina hubanwa. Springi huvuta, isiweze. Valvu haifi, imekwama tu. Lakini kwa mtu anayetazama toka nje, kilichokufa na kilichokwama vyote viwili vimenyamaza.

Katika mwaka wa tano vijana wa jamaa hiyo walichoka na maneno ya wakubwa. Walilifunga trekta kwa mnyororo nyuma ya lori, wakaliweka katika gia, wakaamuru livutwe. Magurudumu ya nyuma yaliburuta kwanza, kisha yakazunguka, na ndani ya injini ukasikika mlio mmoja mkavu. Wakaliacha palepale, wakasema limekufa kweli. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba pushirodi moja ilikuwa imepinda, kwa sababu ilisukuma valvu isiyoweza kwenda, na kitu kimoja kati ya viwili ilikuwa lazima kishindwe.

Tazameni, basi, tulichonacho hapa. Kaka mkubwa alikuwa na mizani, na mizani ya kilo haijui tofauti ya injini na chungu kilichopasuka. Vijana walikuwa na nguvu. Kaka mdogo alikuwa na subira, na ndiye aliyesifiwa kanisani. Nasema bila kumwonea mtu kwamba katika hao wote, aliyeliharibu trekta zaidi ni huyo wa subira. Mnyororo ulipinda ufito mmoja tu wa chuma. Miaka tisa ya “tusubiri kwanza” ilikula valvu, matairi, mipira ya maji na rediata. Tena yule aliyevuta kwa lori alijua kwamba amefanya jambo, na angeweza kuulizwa. Aliyesubiri hakuulizwa na mtu yeyote, kwa kuwa hakuwa amegusa kitu.

Na mama yao? Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama huyu mjane ana shamba lake la pamba na mahindi. Kwa miaka ile tisa alikodi plau ya ng'ombe, na kila mwenye ng'ombe hulima kwake kwanza, kisha kwa ndugu zake, kisha ndipo huja kwa anayelipa. Kila mkulima wa Usukuma ajua maana yake: mvua za Novemba zinapita juu ya ardhi isiyofunguliwa, na pamba iliyopandwa kwa kuchelewa haimsubiri mtu. Mtoto alikuwa na subira, na mama ndiye aliyeilipia.

Mwaka 2023 mama mwenyewe alikwenda kumwita fundi, mzee aliyewahi kufanya kazi katika kinu cha kuchambulia pamba. Nilibahatika kuwapo siku kadhaa za kazi hiyo, kwa kuwa ni jamaa zetu wa karibu. Mzee hakuanza kwa nyundo, wala hakuanza kwa maombi marefu. Alifungua kifuniko cha juu, akatoa nozeli zote tatu ili silinda zisibane hewa, akatia spana kwenye nati ya pulei ya mbele, akazungusha injini kwa mkono, polepole, jicho lake likiwa juu ya roka. Injini ya dizeli haina mchezo: pistoni hupanda mpaka karibu kugusa hedi, na valvu iliyokwama wazi yaweza kupigwa nayo. Kwa hiyo kila alipohisi uzito katika kiganja alisimama, akarudi nyuma kidogo. Valvu nne zilipanda na kushuka, ingawa kwa kusitasita. Mbili hazikutikisika, moja roka yake ilikuwa imelegea na kuchezacheza, maana valvu ilibaki chini isirudi.

Kaka mkubwa, aliyekuwa amesimama pembeni, alisema, “Mzee, ipige tu. Si chuma hicho?”

Mzee akamjibu, “Ni chuma, mwanangu. Lakini hata chuma hurudi kwa njia kilikopitia.”

Akachanganya dizeli na oili ya giaboksi, akadondosha matone kando ya mashina yale mawili, akafunika na kitambaa, akaenda zake nyumbani. Jioni akarudi, akadondosha tena. Kesho yake asubuhi vivyo hivyo. Siku ya tatu alishusha pistoni, akaigonga ncha ya shina moja kwa nyundo ya mbao, kigongo ambacho kisingeweza kuvunja hata yai la kuchemsha. Ilishuka kiasi cha ukucha. Kisha akazungusha injini taratibu sana mpaka pistoni ilipoigusa valvu toka chini na kuirudisha juu ule ukucha. Akatia mafuta. Chini tena, juu tena. Siku ya nne jioni springi iliivuta yenyewe, ikajifunga kwa mlio wa kofi, na mama wa nyumba, aliyekuwa akichambua mboga, akapiga kigelegele ingawa hakujua hasa ni nini kilichotokea.

Ile ya pili ilikataa. Na hapa ndipo pa kuangalia sana. Toka siku ya kwanza mzee alikuwa amesema, “Naipa wiki moja. Ikikataa, nafungua hedi.” Wiki ilipokwisha hakuongeza siku. Alifungua hedi, akaipindua, akaitoa valvu kwa kuigonga na kipande cha shaba, na shina lake likaonekana limeliwa na kutu kiasi kwamba mafuta ya mwaka mzima yasingefaa kitu. Aliagiza valvu mpya na gasketi kutoka mjini. Pushirodi iliyopinda aliitambua kwa kuivingirisha juu ya kipande cha kioo. Ilirukaruka, nyingine zikaenda sawasawa. Akasaga vikao vya valvu kwa unga wake, akapima nafasi za roka, akafunga.

Mwaweza kuuliza: mtu huyu alisubiri au alifanya kazi? Ukiwa umepita njiani siku ya pili ungeona trekta limesimama chini ya mwembe, halina mtu, kama lilivyosimama miaka tisa. Hakuna tofauti kwa macho. Tofauti iko katika ile nafasi ya unywele ambamo mafuta yalikuwa yanatambaa. Siku ile ya pili ilikuwa siku ya kazi, na ile miaka tisa haikuwa na siku hata moja ya kazi. Mafuta yanahitaji muda, ni kweli, lakini muda peke yake huleta kutu tu.

Mfano wa mtini katika Luka 13 wengi tunaukumbuka kwa nusu. Tunakumbuka kwamba mtunza shamba aliuombea mti ule mwaka mmoja zaidi usikatwe, na tunasema, tazama subira ya Mungu. Lakini yule mtunza shamba hakuomba mwaka mtupu. Aliahidi kuupalilia na kuutia samadi, naye mwenyewe akataja mwisho: ukikataa hata baada ya hapo, ukatwe. Ana jembe, ana samadi, ana tarehe. Nadhani ombi la namna hiyo lastahili kusikilizwa. Angalisema tu, “Bwana, tusubiri kwanza,” sina hakika kama mti ungalipona.

Kanisa letu hapa ziwani lina historia yake katika jambo hili, na yafaa vijana waijue. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika Kageye, ufukweni si mbali na Mwanza, mwezi wa Januari 1877. Kabla mwaka haujaisha wawili kati yao, Luteni Shergold Smith na Bwana O'Neill, waliuawa Ukerewe, walipojikuta katikati ya ugomvi wa Mtemi Lukonge na mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskoti, alifika Kageye mwezi wa Juni 1878, baada ya kutumia sehemu kubwa ya mwaka 1877 kufungua njia ya mikokoteni toka Saadani hadi Mpwapwa. Alichokikuta kilikuwa ni lundo: vipande vya mtambo wa mvuke, mabomba, misumari, nati na vitabu, vyote vimerundikwa kibandani pamoja, kutu na mchwa vikigawana. Mtu mwingine angelia, au angeagiza vipya Ulaya. Mackay alikaa akavichambua kimoja kimoja, akasafisha, akapanga.

Lakini kazi kubwa zaidi aliyoifanya siku hizo haikuwa ya chuma. Alivuka ziwa kwenda Ukerewe kwa Lukonge mwenyewe, ambaye damu ya wenzake ilimwagika katika nchi yake, akaenda kwa amani, ili waongee. Walikuwapo waliomwonya asiende. Angeweza kusema aache muda uponye. Wengine wangetaka nguvu itumike. Yeye alikwenda, akarudi salama, na mlango ukabaki wazi.

Na asidhani mtu kwamba mwenye subira ya namna hiyo ni mtu asiyejua kukata. Mwaka huohuo Mackay na mwenzake Wilson walipokuwa wakisafiri kwenda Buganda, mashua yao iitwayo Daisy ilivunjwa na mawimbi upande wa magharibi wa ziwa. Waliikata, wakatoa sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, wakaunganisha, wakaendelea na mashua iliyo fupi. Walifika mwezi wa Novemba. Ile sehemu ya katikati ilikuwa nzima. Naamini kuikata kuliwauma. Mackay alifariki tarehe 8 Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa ziwa letu, na hata katika siku zake za mwisho alikuwa akishughulika na injini ya mashua.

Sasa nirudi kwetu. Nimefundisha katika chuo cha ualimu miaka mingi, na jambo gumu kuliko yote kuwafundisha walimu wapya lilikuwa hili la mtoto aliyekwama. Mwalimu mwenye fimbo humjua kila mtu, na kumlaumu ni rahisi. Aliyenisumbua mimi ni mwalimu mpole asiyemchapa mtoto, asiyemkemea, anayesema “ataelewa tu siku moja,” na kumwacha dawati la nyuma mpaka darasa la saba. Kwa wazazi huyo ni mwalimu mzuri. Mtoto akimaliza hajui kusoma, hakuna alama ya fimbo mwilini mwake, wala hakuna wa kushitakiwa.

Na kuna jambo zito kuliko la shule, ambalo nalisema nikijua kwamba baadhi ya wazee wenzangu hawatalipenda. Mwanamke anakuja kwa wazee wa kanisa na jicho limevimba. Anaeleza. Sisi tunakohoa, tunatazamana, tunamwambia, “Mama, vumilia, ndoa ni subira, tutawaombea.” Anarudi nyumbani. Nauliza: katika kikao hicho ni nani aliyekuwa na subira? Si sisi. Sisi hatukungoja kitu chochote; tulirudi kwa chakula cha jioni. Tuliigawa subira ya mtu mwingine, kama mtu anayetoa sadaka kwa fedha iliyo mfukoni mwa jirani. Fundi yule wa Magu aliposema “naipa wiki moja,” aliyerudi asubuhi na jioni kwa wiki nzima alikuwa ni yeye. Mzee wa kanisa anayetaka kusema neno subira katika nyumba yenye kipigo, na awe yeye wa kurudi huko asubuhi na jioni. Na amwulize mume mbele ya watu. Na ataje tarehe. Na kabla ya hayo yote, mama huyo na watoto wapate mahali salama pa kulala. Trekta haliumii linapongojewa. Mtu huumia.

Atasema mwingine, mwalimu, wewe sasa unaondoa msalaba katika maisha ya Mkristo. La, hasha. Yapo mambo ambayo hayana mafuta wala spana: ugonjwa usiotibika, kifo cha mtoto, uzee wenyewe, ambao naanza kuujua. Hapo kustahimili ndiyo kazi yenyewe, na hakuna fundi wa kuitwa. Lakini mambo hayo ni machache kuliko tunavyojifanya. Ndugu wawili wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba si kifo cha mtoto. Kamati iliyoacha kukutana si ugonjwa usiotibika. Njia ya kupima naiona kuwa nyepesi, na mtu aweza kuitumia leo jioni bila kumwita mchungaji: chukua jambo lolote unalosema unalisubiri, kisha jiulize jana ulilifanyia nini, na kesho utalifanyia nini, na gharama ya kungoja kwako inalipwa na nani. Mtu asiyeweza kujibu hata swali moja kati ya hayo ameliweka jambo lake chini ya mwembe bila kopo.

Trekta lile liliwaka kabla ya mvua za mwisho wa mwaka ule, kwa moshi mwingi mweupe uliowafukuza kuku wote. Silinda ya tatu bado hukohoa asubuhi mpaka injini ipate moto. Ndugu wale wawili hawajapatana kwa yote. Matairi ya nyuma yamechakaa, na bado wanabishana ni nani atakayeyanunua. Walichokubaliana, mbele ya mama na ya fundi, ni mambo mawili: shamba la mama lilimwe la kwanza, na yeyote anayelilaza trekta jioni afunike bomba la moshi. Kopo wanalotumia sasa ni la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa waya ili watoto wasilichukue.